Makala Moja Iliyolipandisha Jarida Juu ya Nature: Kisa cha Acta Crystallographica A

Juni 2010, orodha mpya ya vipimo vya majarida ya sayansi, yaani wastani wa mara ambazo makala zao hurejelewa na watafiti wengine, ilipotoka, walioifungua walikuta nafasi ya pili duniani imeshikwa na jarida ambalo wengi wao hawakuwahi kulisoma. Ya kwanza ilikuwa CA: A Cancer Journal for Clinicians, yenye 87.925, na hilo halikumshangaza mtu. Ya tatu ilikuwa New England Journal of Medicine, 47.050. Nature ilikuwa chini zaidi, 34.480. Kati ya CA na New England lilikaa Acta Crystallographica Section A, jarida la nadharia ya fuwele (kristali, kama za chumvi au sukari) linalotolewa na Muungano wa Kimataifa wa Kristalografia kutoka Chester, Uingereza. Lilikuwa na 49.926. Katika orodha ya mwaka uliotangulia lilikuwa na 2.051.

Huko ni kupanda zaidi ya mara 24 kwa mwaka mmoja. Hapakuwa na kosa la hesabu, hapakuwa na udanganyifu, wala hapakuwa na ugunduzi mpya uliowatoa wataalamu wa fuwele usingizini. Palikuwa na makala moja ya kurasa 11.

Wanaoshughulika na vipimo vya utafiti wanakijua sana kisa hiki, na kwa kawaida hukisimulia kama kichekesho cha wastani: namba moja kubwa imezivuta zote. Ni kweli, lakini ni nusu ya kisa. Nusu ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzito, ni kwamba kazi iliyorejelewa ilikuwa ikitumika maabara nyingi duniani kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya hapo. Kilichobadilika mwaka 2008 ni mahali marejeleo yalipopelekwa.

Hesabu yenyewe

Kipimo cha athari, ambacho maofisini huitwa tu impakti fakta, ni hesabu ya shule ya msingi. Kwa mwaka 2009 unachukua marejeleo yote yaliyofanywa mwaka huo kwenda kwa machapisho ya jarida ya mwaka 2007 na 2008. Hicho ndicho kiasi. Chini yake, kama asili, unaweka idadi ya makala za utafiti na za mapitio ambazo jarida lilichapisha katika miaka hiyohiyo miwili. Unagawanya. Tahariri na barua za wasomaji hazihesabiwi chini, ingawa marejeleo yake yanahesabiwa juu, na hapo kuna ugomvi wake mwingine. Mwaka 2006 wahariri wa PLoS Medicine walieleza hadharani kwamba kipimo cha jarida lao kingeweza kuwa chini ya 3 au kufika 11, kutegemea tu ni machapisho yapi yataitwa makala. Tuuache ugomvi huo. Kisa chetu hakiuhitaji.

Mwenye wazo ni Eugene Garfield wa Philadelphia, mwanzilishi wa Institute for Scientific Information. Mwaka 1955 alipendekeza katika jarida la Science kwamba iundwe faharasa ya kufuatilia nani amemrejelea nani. Katika miaka ya 1960 Science Citation Index ikaanza kutoka, na yeye pamoja na Irving Sher wakakutana na swali la kikazi kabisa: majarida yapi yaingizwe humo? Wangehesabu marejeleo peke yake, majarida makubwa yangejaza orodha na madogo mazuri yangebaki nje. Wakaamua kugawanya kwa idadi ya makala. Mwaka 1975 vipimo hivyo vikaanza kuchapishwa katika Journal Citation Reports. Baadaye biashara hiyo ikapita mikono kadhaa, Thomson mwaka 1992, kisha Thomson Reuters, na tangu 2016 iko chini ya Clarivate.

Hapo kuna jambo ambalo wasimuliaji wengi wa kisa hiki hulipita. Kugawanya kuliwekwa ili kumlinda mdogo. Na kugawanya kwa asili ndogo ndiko kulikolirusha Acta A hadi juu ya New England.

Chukua namba za kubuni, tuone. Jarida limechapisha makala 120 kwa miaka miwili, na kila moja imerejelewa mara 2. Jumla 240, gawanya kwa 120, unapata 2. Sasa ondoa makala moja kati ya hizo, na mahali pake weka iliyorejelewa mara 5,800. Makala 119 zinaleta 238. Ukijumlisha na 5,800 unapata 6,038. Gawanya kwa 120, unapata 50.3. Ichukue makala ileile uiweke kwenye jarida lililochapisha makala 1,800 katika miaka hiyo miwili: inaliongezea 3.2 tu. Kwenye jarida lenye makala 10,000 inaongeza 0.58, na hakuna atakayeuliza kitu. Watu ni walewale, marejeleo ni yaleyale, ila ukubwa wa nyumba umebadilika.

Programu iliyokuwa kila maabara

Makala yenyewe iliandikwa na George Sheldrick, mkemia Mwingereza aliyeanzia Cambridge na kuhamia Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, mwaka 1978. Ilitoka Januari 2008, katika toleo la kuadhimisha miaka 60 ya majarida ya Acta, na kichwa chake kilisema kilichomo: historia fupi ya SHELX.

SHELX ni familia ya programu za kompyuta za kutafutia mpangilio wa atomu ndani ya fuwele. Ukipitisha eksirei kwenye fuwele, zinatawanyika na kuacha madoa. Ukali wa kila doa unaupima bila shida. Awamu ya wimbi lililolifanya doa hilo huipimi, na bila awamu huwezi kurudi nyuma hadi kwenye ramani ya atomu. Hiki ndicho kitendawili cha zamani cha taaluma hii. SHELXS iliikisia awamu kwa njia za takwimu, kisha SHELXL ikaurekebisha muundo uliopatikana, atomu kwa atomu, hadi ulingane na vipimo vya mashine. Toleo la kwanza kusambaa lilikuwa SHELX-76, zama ambazo programu ilibebwa kwenye kadi zilizotobolewa. Yakafuata SHELXS-86, SHELXL-93 na SHELX-97. Wasomi walizipata bure. Kampuni ya Bruker, watengenezaji wa mashine za kupimia fuwele, nao walikuwa na toleo lao, SHELXTL, lililokuja na mashine.

Kwa hiyo mtu wa Beijing, wa Kraków au wa Pretoria aliyetengeneza kampaundi mpya na kutaka kuonyesha umbo lake, uwezekano mkubwa ni kwamba kazi yake ilipitia SHELX. Na makala za namna hiyo ni nyingi mno. Hifadhi ya Cambridge inayokusanya miundo ya molekuli ndogo, iliyoanzishwa mwaka 1965, ilivuka miundo milioni moja mwaka 2019. Jarida ndugu la Acta A, yaani Section E, lilikuwa na kazi moja tu ya kuchapisha ripoti fupi za miundo hiyo, na karibu kila ripoti ilihitaji kutaja programu iliyotumika.

Waliitajaje kabla ya 2008? Aliyetumia SHELXL-97 aliandika kwenye orodha yake jina la Sheldrick, jina la programu, Chuo Kikuu cha Göttingen, 1997. Basi. Hilo ni rejeleo la programu, na programu haina jarida. Kwenye faharasa marejeleo hayo yalitawanyika chini ya majina yaliyoandikwa kila mtu anavyojua. Wengine waliitaja makala ya Sheldrick ya mwaka 1990, ambayo nayo ilitoka Acta A, lakini hiyo ilikuwa imetoka nje ya dirisha la miaka miwili zamani sana. Maelfu kwa maelfu ya shukrani, na kwenye kipimo cha athari yote yalikuwa sifuri.

Kisha ikaja ile makala ya Januari 2008. Ndani ya muhtasari wake Sheldrick aliweka sentensi moja ya kawaida kabisa: kwamba makala hii inaweza kutumika kama rejeleo la jumla kwa yeyote aliyetumia programu moja au zaidi za SHELX katika kutafuta muundo wa fuwele. Watu wakaitikia. Mwaka 2009 kila aliyekuwa akiandika "Göttingen, 1997" alianza kuandika "Acta Cryst. A64, 112–122".

Ni kama duka la Kariakoo ambalo limeuza miaka yote bila risiti, halafu siku moja mashine ya EFD ikawashwa. Anayesoma karatasi za mashine peke yake ataapa kwamba biashara imelipuka wiki hiyo. Wateja hawakuongezeka.

Ndiyo maana siridhiki na simulizi ya kichekesho. Ukisema "makala moja ilivuta wastani", msikilizaji anabaki na picha ya makala iliyobahatika, kama iliyosambaa mtandaoni bila sababu. Hii haikubahatika. Ilibeba deni la miaka 30 ambalo mfumo wa kuhesabu haukuwa na daftari la kuliandika.

Je, ulikuwa ujanja?

Swali hili huulizwa kila mara, na jibu langu ni hapana. Ulinganishe na waliofanya ujanja kweli, au waliouigiza.

Mwaka 2007 Folia Phoniatrica et Logopaedica, jarida la wataalamu wa sauti na matamshi, lilichapisha tahariri iliyozirejelea makala zote za jarida hilo za 2005 na 2006. Wahariri hawakujificha. Walisema wazi kwamba wanapinga hali ya kipuuzi iliyopo katika baadhi ya nchi, ambako kipimo hiki kinaamua nani apate nini. Tahariri moja ilitosha: kipimo kikafika 1.44, zaidi ya maradufu ya kilivyokuwa. Wenye faharasa hawakucheka. Jarida likaondolewa kwenye orodha za 2008 na 2009.

Mwaka 2013 yakaja ya Brazil. Majarida manne ya tiba ya nchi hiyo yalisimamishwa kwa kosa la kubebana: hili linachapisha makala yenye marejeleo chungu nzima ya lile, na lile linarudisha fadhila. Nyuma yake kulikuwa na presha ya kweli. CAPES, wakala wa serikali unaosimamia masomo ya uzamili na uzamivu, ulipanga madaraja ya programu za vyuo kwa kuangalia vipimo vya majarida ambamo watu wake walichapisha. Majarida ya nyumbani yenye vipimo vidogo yakawa yanakimbiwa na waandishi bora, na kwa kukimbiwa yakazidi kushuka. Siwatetei, ila naielewa njaa iliyowasukuma.

Katika visa vyote viwili marejeleo yalitengenezwa ili namba ipande. Ya Acta A yalitoka kwa maelfu ya watu wasiojuana, kila mmoja akisema ukweli kuhusu chombo alichokitumia. Mtambo wa kukamata majarida yanayojirejelea usingeona kitu, na ulikuwa sahihi kutoona kitu. Jarida halikuadhibiwa. Namba ikachapishwa kama ilivyo, na desimali zake tatu.

Hapo ndipo kisa hiki kinapokuwa na manufaa kuliko vile vya udanganyifu. Kwenye udanganyifu unaweza kumlaumu mtu, na kipimo kikabaki safi. Hapa hakuna wa kumlaumu. Kila mmoja amefanya lililo sawa na namba iliyotoka haisemi kweli juu ya kitu ambacho watu wanadhani inakisema.

Ile sentensi ya kualika marejeleo imewahi kuwakera baadhi ya watu. Mimi inanifundisha kitu kuhusu hali ya watengenezaji wa zana. Mtu ameandika programu inayotumiwa na taaluma nzima, ameitoa bure, ameitunza miaka 30. Lakini vyuo na wafadhili wanahesabu makala. Ili kazi yake ionekane kwenye daftari, sharti aivalishe nguo za makala. Orodha ya makala 100 zilizorejelewa zaidi katika historia, ambayo Nature iliichapisha Oktoba 2014, inasimulia jambo hilohilo. Ya kwanza, ikiwa na marejeleo zaidi ya 305,000, ni ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951, juu ya namna ya kupima kiasi cha protini. Ya pili na ya tatu nazo ni za mbinu za maabara. Ile ya Sheldrick ilikuwa ya 13, ingawa ilikuwa na miaka 6 tu. Ugunduzi mwingi ulioleta Tuzo za Nobel haumo kabisa kwenye hizo 100. Watu hurejelea nyundo waliyoishika mkononi kuliko nyumba waliyoiona kwa mbali.

Waliobebwa na namba

Tuje kwa waliochapisha Acta A bila kuandika historia ya SHELX. Makala ya Sheldrick ilikusanya marejeleo zaidi ya 6,600 katika muda mfupi. Iliyoifuata kati ya makala za jarida hilo za mwaka 2008 ilikuwa na 28. Zilizobaki zilikuwa na chache kama kawaida ya jarida la nadharia, ambalo wasomaji wake ni wachache na hawana haraka. Si aibu: nadharia ya fuwele huweza kusubiri miaka kumi kabla haijapata mtu wa kuitumia.

Fikiria sasa mhadhiri aliyepeleka makala yake huko mwanzoni mwa 2010. Alipoituma, jarida lilikuwa na 2.051. Makala ilipotoka mwishoni mwa mwaka, jarida lilikuwa na 49.926, na kwenye wasifu wake angeweza kuandika, bila kusema uongo, kwamba amechapisha katika jarida la pili duniani. Juni 2011 namba ikapanda tena hadi 54.333. Kama kamati ya kupandisha vyeo ilikaa mwaka huo, ilimwona nyota. Kama ilichelewa mwaka mmoja ikakaa baada ya Juni 2012, ilikuta 2.076.

Makala yake ni ileile, neno kwa neno. Tena haikuchangia hata rejeleo moja kwenye ile 49.926, maana ilikuwa bado haijazaliwa mwaka ule uliohesabiwa. Hili watu wengi hulisahau: kipimo unachokiona siku unapochapisha kinasema habari za makala za wenzako za miaka iliyopita. Cha makala yako hakijaandikwa bado.

Na kwa nini kilishuka 2011? Kwa kalenda tu. Kipimo cha 2009 kinatazama 2007 na 2008. Cha 2010 kinatazama 2008 na 2009. Vyote viwili vina Januari 2008 ndani yake. Cha 2011 kinatazama 2009 na 2010. Watu waliendelea kuirejelea makala ya Sheldrick kwa kasi mwaka 2011, lakini marejeleo yao hayakuwa na kazi tena kwenye hesabu. Kutoka 54.333 hadi 2.076 bila msomaji hata mmoja kuondoka.

Linatuhusu kuliko tunavyodhani, sisi tuliopo Afrika Mashariki. Vyuo vingi huhesabu machapisho ya mwalimu kwa pointi, na uzito wa pointi mara nyingi hufuata jarida limeorodheshwa wapi na lina kipimo gani. Mwanafuwele wetu, tumwite hivyo, akipata bahati ya mwaka mzuri anapanda. Mtafiti wa fasihi simulizi au wa sheria za ardhi, ambaye majarida yake hayamo kabisa kwenye orodha, anaambiwa alete "jarida la kimataifa". Na palipo na njaa ya namba hapakosi wachuuzi. Barua pepe zinazotangaza majarida yenye "vipimo" visivyojulikana vimehesabiwa na nani, zinazoahidi kuchapisha ndani ya siku chache kwa malipo, kila mhadhiri anazo kwenye sanduku lake. Namba hizo hazina hata heshima ya 49.926, ambayo angalau ilihesabiwa kwa kanuni inayojulikana.

Vipimo vingine vingeonaje?

Ni zoezi zuri kuchukua kisa kimoja na kukipitisha kwenye mizani tofauti. Tuanze na wastani wa miaka mitano, ambao nao huchapishwa kwenye orodha ileile. Huo ungemshikilia Sheldrick muda mrefu zaidi, tangu 2009 hadi 2013, ila ungekuwa umepandishwa vilevile. CiteScore, kipimo cha kampuni ya uchapishaji ya Elsevier kilichoanza Desemba 2016, nayo ni wastani, ingetikisika. SNIP, kipimo kingine cha majarida kilichobuniwa Leiden, Uholanzi, ili kusawazisha tofauti kati ya taaluma zinazorejelea sana na zile zisizorejelea, inaanza na wastani wa marejeleo kwa makala kabla ya kusawazisha, nayo ingeruka. Kwa hiyo anayedhani dawa ni kuhama kampuni moja kwenda nyingine bado hajauona ugonjwa.

Mambo yanabadilika ukibadili aina ya hesabu. Zipange makala zote za jarida kuanzia iliyorejelewa kidogo hadi iliyorejelewa zaidi, uchukue ya katikati. Katikati ya Acta A isingejua kama Sheldrick aliandika au hakuandika. Au chukua faharasa ya h, ambayo Jorge Hirsch aliipendekeza mwaka 2005 kwa ajili ya kumpima mtafiti na baadaye ikapelekwa kwenye majarida: jarida lina h ya 20 kama makala zake 20 zimerejelewa angalau mara 20 kila moja. Makala moja, hata ikirejelewa mara milioni, inaiongeza h kwa 1 tu.

Tatizo la wastani kwenye marejeleo halikugunduliwa mwaka 2010. Mwaka 1992 Per Seglen wa Norway alionyesha kwamba asilimia 15 ya makala huzoa nusu ya marejeleo yote, na nusu ya makala, ile inayorejelewa zaidi, huzoa asilimia 90. Yaani hata kwenye jarida la kawaida, lisilo na Sheldrick, makala nyingi ziko chini ya kipimo cha jarida lao. Acta A ni hali ya kila siku iliyokuzwa hadi ikaonekana kwa macho matupu. Na CA, ile iliyoshika nafasi ya kwanza? Inatolewa na chama cha saratani cha Marekani, huchapisha makala chache kwa mwaka, na kati yake mna takwimu za saratani za mwaka ambazo kila mtafiti wa saratani huzitaja kwenye aya yake ya kwanza. Kipimo chake cha mwaka 2020 kilipita 500. Asili ndogo, makala moja au mbili za kutajwa na kila mtu: kanuni ni ileile ya Acta A, ila CA inairudia kila mwaka, kwa hiyo tumeizoea na hatuiiti kioja.

Baada ya hapo

Siwezi kusema Acta A ndiyo iliyoleta mabadiliko yaliyofuata, lakini ilikuwa mfano wa kunyooshewa kidole. Desemba 2012 wahariri na wachapishaji waliokutana San Francisco, kwenye mkutano wa chama cha Marekani cha biolojia ya seli, waliandika azimio linalojulikana kama DORA, likatangazwa Mei 2013. Linataka vipimo vya majarida visitumike kupima ubora wa makala moja moja wala kuamua nani aajiriwe, apandishwe au afadhiliwe. Mwaka 2015 ukafuata waraka wa Leiden wenye kanuni kumi za kutumia vipimo. Waliotia saini ni wengi. Kamati zilizobadilisha fomu zao ni hadithi nyingine. Mwaka 2018 Clarivate wakaanza kuonyesha kwenye orodha yao mtawanyiko wa marejeleo ya kila jarida pamoja na namba ya kati, na mwaka 2023 wakapunguza desimali kutoka tatu hadi moja. La desimali limechelewa sana. Desimali tatu ziliwapa watu ujasiri wa kusema jarida la 2.076 ni bora kuliko la 2.051, wakati tofauti hiyo yaweza kuletwa na marejeleo mawili au matatu.

Kama ningepewa kiti kwenye kamati, ningeuliza idadi ya marejeleo ya makala yenyewe, ningeuliza imerejelewa na nani na kwa lipi, halafu ningeisoma. La tatu ndilo wajumbe hawalipendi, kwa sababu linachukua muda, na fomu nyingi hazina kisanduku chake.

Sheldrick mwenyewe alirudi mwaka 2015 na makala mbili mpya. Moja, ya SHELXT, programu ya kutafuta muundo na kundi la ulinganifu kwa pamoja, aliipeleka Acta A. Nyingine, ya SHELXL, aliipeleka Acta C, jarida ndugu lenye sifa za kawaida tu. Watumiaji wa SHELX wakahamishia marejeleo yao huko, kama walivyofanya mara ya kwanza. Vipimo vya majarida yote mawili vikapanda, cha C kwa kishindo zaidi, vikakaa juu miaka miwili, kisha vikashuka.